Faneli ya kuchuja maji kwenye petroli: inalifaa dumu la Kondoa, haiyawezi mafuta ya Malawi

Faneli nyeusi yenye wavu wa chuma ndani yake, inayouzwa katika baadhi ya maduka ya vipuri hapa Dodoma kwa maelezo kwamba hutenganisha maji na petroli, ni kifaa ambacho mwenye jenereta, mwenye pampu ya kumwagilia mizabibu na mwendesha bodaboda anayenunua mafuta ya chupa huko vijijini wanaweza kukinunua bila kusita. Kwa mwenye gari linalojazwa petroli iliyochanganywa na ethanoli, yaani aina ya pombe, kama ilivyo petroli ya Malawi, hali ni nyingine kabisa: hapo faneli hii hushindwa kazi, tena hushindwa bila kumwonesha mtumiaji dalili yoyote. Maandishi ya kwenye boksi hayaligusi jambo hilo, na kijana aliyeniuzia alinihakikishia kinyume chake. "Mzee wangu, hii inachuja petroli ya aina yoyote, hata hiyo ya Malawi," alisema huku akilifunga boksi kwa gundi ya karatasi. Kwa kuwa kauli ya namna hiyo inaweza kumgharimu mtu pampu ya mafuta, nimeona nieleze kwa urefu kilichotokea nilipoipima.

Nililipa shilingi 45,000 katika duka moja karibu na soko la Sabasaba. Ndani ya boksi mna faneli peke yake, hakuna wavu wa akiba, na karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa Kiingereza na Kichina tu. Plastiki yake ni nene, ya aina iliyotiwa kaboni ili isikusanye umeme tuli wakati petroli inapopita, jambo lenye maana katika mji mkavu kama huu ambako mwezi Julai hata kuvua sweta hutoa cheche. Wavu haukulazwa chini kama ulivyo kwenye faneli za kawaida, bali umesimamishwa katikati mfano wa kimnara kifupi, na ukingo wake wa chini umeinuliwa kutoka sakafuni kwa kiasi cha upana wa kidole. Nafasi iliyo chini ya ukingo huo ndiyo kisima. Maji na mchanga hutulia humo, nayo petroli hupenya wavu na kushuka kwenye tenki.

Kazi yake haitokani na udogo wa matundu pekee. Nyuzi za wavu zimepakwa utando wa jamii ile ile ya kemikali za florini inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Maji yana mvutano mkubwa wa uso, yaani nguvu inayoyashikamanisha yasienee, takribani milinewtoni 72 kwa mita katika joto la kawaida, kwa hiyo hujikunja kuwa matone na kukataa kuenea juu ya utando huo. Petroli, ambayo mvutano wake haufiki hata theluthi moja ya huo, huenea na kupita. Kwa maneno mengine, wavu hauyatambui maji kwa kuwa ni maji. Huyatambua kwa sababu ya huo mvutano wake mkubwa, na chochote kitakachoupunguza kitaufanya wavu uyaruhusu yapite.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa petroli ya kawaida kutoka kituo cha mafuta cha hapa mjini. Nilijaza dumu la lita tano, nikatia maji kiasi cha robo kikombe yaliyopakwa rangi nyekundu ya chakula, ambayo huyeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye petroli, nikatikisa kwa nguvu kisha nikamimina. Matokeo yalikuwa safi kiasi cha kuridhisha mtu yeyote. Petroli ilipita ikiwa angavu, na maji yote yalibaki kisimani, mekundu, yamejigawa katika matone yaliyokuwa yakiviringika kila nilipoinamisha faneli. Pamoja nayo kulikuwa na chembe za kutu na vumbi letu jekundu, ambavyo sote tunajua vinatoka wapi. Mwendo wake ni wa polepole kuliko faneli ya kawaida, na anayemimina kwa pupa ataifurikisha. Pia kisima kikijaa hadi kwenye ukingo wa wavu ni lazima kimwagwe, la sivyo uzito wa petroli iliyo juu utayasukuma maji yapite kwa nguvu. Nje ya hayo sina lalamiko.

Manufaa yake kwa mazingira yetu ni makubwa kuliko inavyodhaniwa, ingawa Dodoma ni nchi kame inayopata mvua za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Maji yanayoharibu petroli yetu hayatoki hewani. Hewa yetu ni kavu, na hata ingekuwa na unyevu, maji ya hewani huingia kwenye tenki lililofungwa polepole mno. Yanatoka kwenye dumu lililosuuzwa na kujazwa kabla halijakauka, kwenye kifuniko kisicho na mpira, kwenye dumu lililoachwa chini ya mchirizi wa bati. Katika vijiji vya Chemba, Kondoa na Bahi, ambako kituo cha mafuta kiko mbali na petroli huuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa zilizopangwa mezani kando ya barabara, mnunuzi hana namna ya kujua chupa ilikuwa na nini asubuhi. Pikipiki zenye kabureta ndizo zinazoumia kwanza. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutulia kwenye bakuli la kabureta chini kabisa, mahali hasa ambapo jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, hunyonya, na dereva huanza kupiga kiki bila mafanikio. Mwenye ujuzi hulegeza skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli, akaacha mafuta yatiririke kidogo mpaka vitone vya maji viishe, akaikaza na kuondoka. Mwenye faneli hii hafiki huko.

Kuna mambo mawili ambayo maelekezo ya kwenye boksi yangepaswa kuyaweka mbele, tena kwa Kiswahili. La kwanza ni kwamba faneli haioshwi kwa sabuni, kwa sababu sabuni huacha utando unaopunguza mvutano wa maji, na baada ya hapo maji yatapita. Isuuzwe kwa petroli safi na kuanikwa kivulini. La pili ni kwamba haizuii uchakachuaji. Mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye petroli yatapita wavu huo bila kizuizi, na vivyo hivyo dizeli. Nimesikia watu wakiisifu kwamba "inakamata mafuta mabovu", jambo ambalo si kweli. Hata vinasaba, yaani alama za kemikali ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuziweka kwenye mafuta mwaka 2010 vina kazi yao nyingine, yaani kuonesha kama mafuta yameingia sokoni kihalali na kama yamechanganywa na mengine. Havielezi kama maji yaliingia baadaye kwenye dumu au kwenye tenki la ardhini.

Sasa tuje kwenye ethanoli, ambayo kwa wengi wetu hapa ni jambo la mbali mpaka safari ielekee kusini. Malawi imekuwa ikichanganya ethanoli kwenye petroli yake tangu mwaka 1982, ikitumia molasi ya miwa kutoka Dwangwa, kando ya Ziwa Nyasa. Zimbabwe imelazimisha uchanganyaji kisheria tangu 2013, na Kenya ilijaribu katika miaka ya 1980 kwa ethanoli ya Muhoroni kabla ya kuacha. Brazili ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1975 na haijarudi nyuma. Dodoma, kwa kuwa iko kwenye njia panda, ina wafanyabiashara wengi ambao barabara ya Mtera na Iringa huwapeleka hadi Mbeya na mpaka wa Kasumulu, na baadhi yao hujaza mafuta upande wa pili. Petroli niliyoinunua hapa mjini haikuonesha ethanoli katika kipimo nitakachokieleza. Ile iliyotoka Malawi ilionesha.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na kwa maoni yangu ni cha thamani kuliko faneli. Chukua chupa nyembamba ya kioo au ya plastiki angavu, weka alama kwa kutumia bomba la sindano la mililita 10 linalopatikana duka lolote la dawa, kisha tia mililita 10 za maji yenye rangi na mililita 90 za petroli. Funga, tikisa, iache isimame wima. Kama petroli haina ethanoli, tabaka jekundu la chini litarudi pale pale kwenye alama ya 10. Kama ina ethanoli ya asilimia 10, tabaka hilo litapanda hadi karibu na 18 au 19, kwa sababu maji yameivuta ethanoli kutoka kwenye petroli na kuiteremsha. Mtu akiona kwa macho yake mstari mwekundu ukiwa umepanda juu ya alama aliyoichora mwenyewe, hahitaji tena kuelezwa kwamba maji na ethanoli vinatafutana.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Ethanoli huchanganyika na petroli, na huchanganyika na maji kwa uwiano wowote, lakini kati ya hivyo viwili, maji ndiyo inayoyapendelea. Lita moja ya petroli tupu, katika joto la nyuzi 15 hivi, huyeyusha maji yapatayo sehemu ya tano ya mililita tu. Kinachozidi hapo huanguka chini kama maji. Lita moja ya petroli yenye ethanoli asilimia 10, katika joto hilo hilo, hubeba mililita tano hivi. Kwa tenki la lita 40 tofauti hiyo ni kati ya mililita nane na mililita 200. Wanaosema kwamba ethanoli "inakausha tenki" wana haki kwa kiasi fulani, kwa sababu maji machache ambayo yangetulia chini huyeyuka, husafiri na mafuta hadi kwenye injini na kutoka kwenye ekzosi kama mvuke bila dereva kuhisi lolote. Faneli haiyakamati maji hayo, wala haina sababu ya kuyakamata, kwa kuwa yameyeyuka na hayana madhara.

Kiwango hicho kikipitwa, mambo hubadilika ghafla. Ethanoli haiyaachi maji yashuke peke yake. Huiacha petroli na kushuka pamoja na maji hayo. Mtu aliyeingiza maji robo lita kwenye tenki la petroli tupu atakuwa na robo lita ya maji chini ya tenki, si zaidi. Aliyeingiza kiasi hicho hicho kwenye petroli yenye ethanoli anaweza kukuta chini ya tenki tabaka la lita moja, mbili au zaidi, ambalo sehemu yake kubwa ni ethanoli. Pampu ya mafuta ya magari yetu mengi imo ndani ya tenki na hunyonya kutoka chini, kwa hiyo kitu cha kwanza kufika kwenye nozeli ni mchanganyiko huo wa pombe na maji ambao injini haikuundwa kuuchoma. Na petroli iliyobaki juu nayo imepungukiwa, kwa sababu ethanoli iliyoondoka ndiyo iliyokuwa imepandisha oktani, yaani kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka mapema. Hushuka kwa namba mbili au tatu, na gari likilipanda tuta au likibeba mzigo injini hugonga. Hasara iko juu na iko chini.

Joto nalo lina sauti yake. Uwezo wa petroli hiyo kubeba maji hupungua kadiri inavyopoa, na ndiyo maana njia ya Karonga, Malawi, hadi Mbeya ni mahali pabaya kwayo kuliko uwanda wetu wa Dodoma. Karonga iko kando ya ziwa, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake la mchana huzidi nyuzi 25 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Barabara inayopanda kutoka Kasumulu hupita Tukuyu, mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, kisha hufika Mbeya kwenye mita zaidi ya 1,700 ambako usiku wa mwezi Juni hushuka chini ya nyuzi 10. Mafuta yaliyokuwa angavu ziwani yanaweza kuamka yakiwa matabaka mawili milimani, bila tone jingine la maji kuongezwa.

Hilo ndilo lililompata jirani yangu, mfanyabiashara ambaye Toyota Noah yake huenda hadi Mzuzu, Malawi, na siku akibahatika kukuta petroli huko, maana foleni zake zimekuwa ndefu miaka hii, hujaza tenki na dumu la akiba. Dumu lilikuwa juu ya keria, kifuniko chake hakina mpira, na mvua ya Tukuyu ya mwezi Mei ikafanya kazi yake. Alimimina sehemu ya dumu kwenye tenki jioni alipofika Mbeya. Asubuhi gari liliwaka kwa shida, likawa linamisi, na taa ya injini ikawaka. Gereji moja njiani ikampa hukumu ya haraka kwamba pampu imekufa, ikamfungia nyingine, ikapokea fedha, na gari likaendelea kumisi kama lilivyokuwa. Alipofika Makambako akaongeza petroli ya kawaida akiamini itayapunguza makali ya yale mabovu, na tatizo likazidi.

Jambo hilo la mwisho linawashangaza hata mafundi wazoefu, nalo ndilo ningependa lijulikane zaidi kuliko yote. Kuongeza petroli tupu kwenye petroli yenye ethanoli na maji hakupunguzi tatizo sikuzote. Mara nyingine ndiko kunakolizalisha. Ukiichanganya petroli ya ethanoli asilimia 10 na petroli tupu nusu kwa nusu, ethanoli inashuka hadi asilimia tano, lakini uwezo wa kubeba maji hushuka kwa zaidi ya nusu. Maji yaliyokuwa yameyeyuka vizuri yanakosa wa kuyabeba na kuanguka, yakiburuta ethanoli. Kinyume chake nacho ni kweli kwa gari la hapa lenye maji kidogo yaliyotulia chini ya tenki kwa miaka bila kusumbua: likijazwa petroli yenye ethanoli ng'ambo ya mpaka, na maji hayo yakawa yanazidi kile kiwango cha kuyeyuka, ethanoli huyafuata pale chini. Aidha huyeyusha uchafu wa zamani uliogandia kwenye kuta za tenki, na filta iliyokuwa nzima huziba ndani ya muda mfupi, jambo ambalo pia hulaumiwa pampu.

Jirani alileta mabaki ya dumu lake nyumbani kwangu. Nilipoyamimina kwenye chupa ya kioo yalikuwa na ukungu mweupe, na baada ya kusimama kwa muda ukungu ule ulishuka taratibu mpaka ukajitokeza mstari mkali, juu petroli ya njano hafifu na chini tabaka linalong'aa bila rangi. Tone moja la rangi ya chakula lilipita petroli bila kuyeyuka, likagusa mstari ule, likasambaa chini yake na kulifanya tabaka lote kuwa jekundu. Kisha nikachukua tabaka jekundu peke yake, nikalimimina kwenye faneli. Lilipita. Halikusita kisimani hata kidogo. Liliuloanisha wavu na kushuka kwenye chupa ya chini likiwa jekundu vile vile, kwa mwendo usiotofautiana na ule wa petroli safi.

Sababu yake ni ile ile ya mvutano wa uso. Ethanoli ina mvutano wa milinewtoni 22 hivi kwa mita, karibu sawa na petroli, na mchanganyiko ambao theluthi mbili au zaidi ni ethanoli huwa na mvutano ulio karibu sana na huo, si 72 ya maji. Wavu uliofundishwa kukataa maji hauna namna ya kukitambua kimiminika hicho. Niliongeza maji kidogo kidogo, na ni pale tu tabaka lilipokuwa maji kwa sehemu kubwa zaidi ndipo baadhi yake ikaanza kubaki kisimani, kiasi ambacho tenki la gari lingekuwa limekwisha kumsimamisha dereva zamani. Udhaifu wa namna hii hauko kwa faneli peke yake. Hata ile dawa ya kawaida inayopakwa kwenye kijiti cha kupimia tenki la ardhini ili ibadilike rangi ikigusa maji huweza kushindwa kulionesha tabaka la ethanoli na maji, na kwa mafuta ya aina hiyo hutengenezwa dawa maalumu.

Duka lile lile liliniuzia pia chupa ndogo ya "dawa ya kuondoa maji" kwa shilingi 12,000. Ukisoma viambato vyake utaona kwamba ni alkoholi, ya jamii ya isopropanoli. Haiondoi maji popote. Huyafanya yayeyuke kwenye petroli ili yapite kwenye injini na kutoka. Kwa petroli ya Dodoma yenye maji kijiko kimoja au viwili, dawa hiyo inafanya kazi na bei yake si mbaya. Kwa petroli ambayo tayari ina ethanoli asilimia 10, kutia chupa moja ni kuongeza alkoholi kidogo kwenye lita nne za alkoholi zilizokuwemo, na kama matabaka yamekwisha kutengana, chupa hiyo haitayaunganisha. Jirani aliwahi kutia mbili. Zilikwenda chini kujiunga na wenzake.

Kilichoponya gari ni kazi ya mikono. Gereji moja ya Kizota, ambayo siitaji kwa kuwa sikuomba ruhusa yake, iliteremsha tenki, ikamwaga mafuta yote, ikafuta sehemu ya chini kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ikasafisha soksi ya pampu, yaani kichujio chake kidogo, ikabadilisha filta na kuyasukuma mafuta mapya kwenye mirija kabla ya kuwasha injini. Malipo yalikuwa shilingi 60,000 bila filta, na muda ni nusu siku. Nilichokipenda ni kwamba fundi alichukua sampuli kwenye chupa kabla ya kugusa boliti yoyote, akaisimamisha juu ya boneti, akatuita. "Tazameni wenyewe, mzee, halafu tuelewane bei," alisema. Fundi anayeanza na chupa badala ya pampu mpya anastahili fedha yake. Nisichokipenda ni kwamba mpira wa mfuniko wa tenki ulirudishwa ule ule wa zamani uliopasuka, mpaka tulipousemea. Ethanoli huvimbisha na kulainisha baadhi ya mipira ya zamani, na hapo ndipo maji ya kuoshea gari yangeingilia tena.

Kwa hiyo kwa anayeuliza kama anunue faneli, jibu langu linategemea dumu lake linajazwa wapi. Kwa petroli ya hapa, kwa jenereta ya duka, kwa pampu za mashamba ya zabibu kule Hombolo na Mpunguzi, kwa pikipiki inayokwenda Kondoa vijijini, ningeipa alama nne kati ya tano, nikiikata moja kwa kukosa wavu wa akiba na maelekezo ya Kiswahili. Kwa msafiri wa Malawi ningempa ushauri wa kuziacha hizo 45,000 mfukoni, anunue bomba la sindano, chupa angavu na mpira mpya wa kifuniko cha dumu, na akijaza ng'ambo ayamalize mafuta hayo bila kuyalaza kwenye baridi yakiwa na shaka. Gari linalokaa wiki kadhaa bila kutembea lisiachwe na petroli hiyo kabisa.

Yapo pia yale mafuta yaliyomwagwa kutoka kwenye tenki, ambayo gereji nyingi huyachukulia kama mali ya fundi. Tabaka la juu linaweza kuoshea vipuri, lakini lisiuzwe kwa mwenye bodaboda, kwa kuwa oktani yake imeshuka na maji yaliyobaki humo yatatulia tena usiku ukiwa na baridi. Tabaka la chini ndilo la kuogopwa: linaonekana kama maji, halina harufu kali ya petroli, na watu hulimwaga mtaroni wakidhani ni maji, ilhali linawaka, na mwali wa ethanoli mchana wa jua kali ni wa buluu hafifu usioonekana kwa urahisi. Kabla ya kuacha gari, muulize fundi analimwaga wapi; akikuonesha mtaro ulio karibu na jiko la mama lishe, tafuta gereji nyingine.